UZI: BnB katika mitaa ya makazi Mombasa, kaunti iweke mpaka wapi?

Ghorofa ya Tatu (mwenye uzi)

Assalam aleikum, na habari za jioni nyote.

Mjadala wa BnB, hizi nyumba zinazopangishwa wageni usiku kwa usiku, nimeufuata kwenye makundi ya WhatsApp ya Nyali, Tudor na Kizingo mpaka nimechoka. Mmoja anasema zifungwe zote, zimeleta uchafu. Mwengine anamjibu kwamba taito, yaani hati ya umiliki, ina jina lake, atapangisha kwa mwezi, kwa usiku au kwa saa, shauri yake. Wa tatu anatuma sauti ndefu ambayo hakuna anayeisikiliza hadi mwisho. Tuulete hapa, watu waandike kwa nafasi.

Mimi ni mpangaji Nyali. Nakaa ghorofa ya tatu, jina limejieleza. Nilipohamia jengo hili, kila mlango ulikuwa na familia. Leo milango mingi ina kisanduku cha funguo chenye namba za siri kimepigwa skrubu kando ya fremu. Mgeni anatumiwa namba kwa simu, anaingia saa nane za usiku, na mwenye nyumba yuko Nairobi au Dubai. Keateka wetu, mwangalizi wa jengo, hajui nani amelala wapi. Ukimuuliza anainua mabega.

Hesabu yenyewe naielewa, wala simchukii mtu. Chukua mfano wa nyumba ya vyumba viwili inayokodishwa elfu arobaini kwa mwezi. Ukiipangisha elfu tano kwa usiku, masiku manane tu yamekurudishia kodi ya mwezi, na mengine ishirini na mbili ni yako. Tangu treni ya Madaraka Express ianze Mei 2017, mtu wa Nairobi akitaka bahari ni kukata tiketi tu. Likizo za shule, Pasaka na Disemba, hizi nyumba hazikosi watu. Huku bangaloo kuukuu za Nyali na Kizingo zinavunjwa moja baada ya nyengine, panapanda ghorofa, na mabroka wanaziuza kabla rangi haijakauka kwa maneno haya haya: nunua, weka fanicha, usiku kwa usiku.

Lakini kinachonikera mimi kwanza ni maji. Kelele inakuja baadaye. Mombasa hatuna mto wa maji matamu. Maji yetu yanatoka Mzima kule Tsavo, Baricho kule Kilifi, Marere kule Kwale, na yanafika kwa zamu. Yasipofika, jengo linanunua boza, lori la maji. Bili ya boza hapa kwetu inagawanywa kwa milango, sawa kwa sawa. Mlango wa mama mjane na binti yake unalipa sawasawa na mlango uliolaza vijana wanane waliotoka baharini wakiwa na mchanga mpaka masikioni, wakaoga asubuhi, mchana na usiku. Na maji yakishatumika yanakwenda wapi? Sehemu kubwa ya mji huu haina mabomba ya maji taka. Ni shimo chini ya jengo. Shimo lililopimwa kwa familia kumi na mbili likijazwa na watu wa hoteli, linafurika, halafu tunaitisha gari la kunyonya na kugawana bili ile ile tena.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kaunti isipige marufuku, na pia isikae kimya. Iangalie swali moja: usiku ule, kuna mtu wa nyumba hiyo anayelala pale au karibu na pale, anayeweza kugongewa mlango? Mama anayekaa nyumbani kwake na kupangisha chumba cha watoto waliokwisha kuolewa, huyo ajiandikishe tu, asisumbuliwe. Anayegeuza nyumba nzima, au ghorofa nzima, kuwa ya wageni wa usiku bila mtu yeyote kuishi pale, huyo anaendesha hoteli. Aombe kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo, majirani waulizwe, bili za maji zitenganishwe, na idadi ya milango ya aina hiyo kwa kila jengo iwe na kikomo.

Uwezo huo kaunti inao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mipango ya ardhi na nyumba, biashara pamoja na utalii wa mahali, na udhibiti wa kelele na kero nyengine za umma. Hakuna haja ya kusubiri Nairobi.

Karibuni. Matusi yabaki nyumbani.

---

Fungeni

Zifungwe zote. Watoto wetu wanaona nini kwenye ngazi? Kila wikendi sura mpya, nguo hazina maana, shisha ilipigwa marufuku nchi nzima 2017 lakini ndani ya hizo nyumba inavutwa kama kawaida. Mji huu ulikuwa na heshima. Sina zaidi.

---

Mama Fleti Mbili

Mwanangu Ghorofa ya Tatu, nimekusoma mpaka mwisho na umeandika kwa adabu, kwa hiyo nakujibu kwa adabu. Nina fleti mbili Bamburi. Nilizinunua na marehemu mume wangu kwa pesa za kustaafu na mkopo wa sako. Sikai Dubai.

Miaka ya mwanzo nilipangisha kwa mwezi. Mpangaji wa kwanza alilipa vizuri, akahama na baraka. Wa pili alilipa miezi miwili, kisha simu ikawa haishikwi. Kumtoa ilikuwa ni kuzunguka kwa chifu, kwa wakili, mahakamani. Alipotoka aliondoka na balbu, na mixer ya bafuni aliing'oa. Na ukipangisha kwa mwezi, tangu Januari 2024 KRA, wale wa ushuru, wanataka asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba, kabla hujatoa hata senti ya ukarabati. Mgeni wa usiku analipa kabla ya kuingia. Akivunja glasi nakata kwenye amana. Hapo nilipumua.

Halafu tuulizane, hizi pesa zinakwenda kwa nani? Kuna binti anayenifanyia usafi, kuna fundi wa AC, kuna kijana wa tuktuk anayewapokea wageni pale kituo cha Miritini, kuna mama wa mahamri ambaye kila asubuhi analeta ya wageni wangu. Hoteli kubwa za ufuoni zinapolalamika kuhusu sisi, hazilalamikii heshima ya mtaa. Zinalalamikia vyumba vitupu.

La kibali cha kubadilisha matumizi limenitia hofu. Wewe unajua kibali nchi hii kinavyopatikana. Mwenye majengo matatu atamtuma mtu wake ofisini, siku mbili kimetoka. Mimi nitaambiwa faili halionekani.

---

Wakili wa Mtaa

Uzi mzuri. Niongeze sheria kidogo maana hapa ndipo watu wanapoteleza.

Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inahesabu mabadiliko makubwa ya matumizi ya jengo kuwa uendelezaji, na uendelezaji wowote unahitaji kibali cha kaunti hata kama hukugusa tofali. Kuanza bila kibali ni kosa, na faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Kaunti ikikataa ombi lako, au ikimpa jirani yako kibali ambacho hukiridhii, kuna kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti ya kukata rufaa, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hiyo mwenye uzi yuko sahihi kwamba chombo kipo.

Lakini sheria haikusema ni masiku mangapi ya wageni yanayogeuza makazi kuwa biashara ya malazi. Kumi kwa mwaka? Mia? Mwenye nyumba akiburutwa mahakamani leo, wakili wake atasema mteja wangu anapangisha watu walale, na kulala ndiyo kazi ya nyumba ya makazi. Na hoja hiyo si ya kipuuzi. Bunge la kaunti lisipoandika mpaka kwa tarakimu, kila ofisa atakuwa na mpaka wake mfukoni. Hapo ndipo hofu ya Mama Fleti Mbili inapokuwa ya kweli.

Pili, isije ikafanywa kwa amri ya ghafla. Mnakumbuka muguka, yale majani ya kutafuna. Mei 2024 gavana wetu alitangaza marufuku, na haikuchukua muda Mahakama Kuu kule Embu ikaisimamisha. Jambo la BnB likipitishwa mbiombio bila kuwasikiliza watu, litakufa vivyo hivyo. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na kumwalika kila mtu ukumbini asubuhi ya siku ya kazi halafu mkampa soda hakutoshi.

Tatu, kuna ngazi ya taifa msiisahau. Baada ya mauaji ya wanawake wawili katika nyumba za kukodi za muda mfupi Nairobi Januari 2024, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ilisema wazi kwamba nyumba hizi zinapaswa kusajiliwa kama malazi mengine ya watalii. Kwa hiyo Mama, hata kaunti isipofanya lolote, usajili huo unakuhusu.

---

Mama Fleti Mbili

Nimesajili, wakili. Na leseni ya biashara ya kaunti ninayo, imebandikwa ukutani karibu na friji. Ndiyo maana nawauliza: kwa nini sheria mpya inibane mimi niliyejitokeza, wakati wenye visanduku vya funguo hawajulikani hata majina?

---

Binti Kuze

Mnazungumza Nyali na Bamburi tu, kama kwamba Mombasa inaanzia darajani. Mimi nawaletea ya Kuze, Mji wa Kale.

Nyumba zetu hazikujengwa kwa wageni wa kupita. Njia ni ya watu wawili kupishana. Dari ya huyu inaangalia ua wa yule. Sisi wanawake tunaanika, tunapika, tunakaa uani bila buibui kwa sababu tunajua juu ya dari ya jirani ni bi fulani na wajukuu zake. Siku ile ile nyumba ya jirani inapotundikwa mtandaoni na picha ya machweo juu ya dari, ua wangu umeingia kwenye picha. Hakuna desibeli zitakazopima hilo.

Na tusidanganyane, wageni wenyewe si wabaya. Wengi wana adabu kuliko vijana wetu. Walionipita juzi walikuwa Wajerumani wazee, wakasalimia, wakauliza njia ya Fort Jesus. Shida ni kwamba nyumba ikishakuwa ya wageni, hairudi. Mwenye nyumba anaona pesa, anatengeneza, anaweka kitanda cha Kilamu na taa za mitumba, na binti yake mwenyewe akiolewa hapati pa kukaa mtaani alikozaliwa. Anahamia Kisauni ndani. Shela kule Lamu wanalijua hili zamani, na Mji Mkongwe Unguja wanalijua zaidi.

Kuna ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukitaka kubadilisha sura ya nyumba, mlango, baraza, wao wana neno. Lakini baraza ikibaki na waliokuwa wakiikalia hawapo, tumehifadhi nini? Mimi nasema ndani ya eneo la uhifadhi nyumba nzima za wageni wa usiku zisiruhusiwe tena kuanzia sasa. Chumba ndani ya nyumba yenye watu, sawa. Hao hata tuliwapokea tangu zamani, enzi za mabaharia wa kusubiri kaskazi na kusi.

---

Ghorofa ya Tatu (mwenye uzi)

Dada Binti Kuze, hapo nakuunga mkono bila kupunguza. Kanuni moja haiwezi kuvaa Nyali na Kuze kwa pamoja.

Fungeni, nimekusikia lakini niruhusu nikupinge. Tukiiweka sheria hii juu ya maadili, tutavuna kitu kimoja tu: askari mlangoni saa sita za usiku wakidai cheti cha ndoa. Mtu na mkewe wametoka Voi kuja hospitali, hawatembei na cheti. Watatoa elfu mbili ili walale. Baada ya hapo hakuna atakayetaka BnB zifungwe, maana zimekuwa shamba la watu fulani. Wanaofanya biashara ya ngono watahamia kwengine, au watalipa pia. Mimi nataka sheria ambayo ofisa akija anasoma mita ya maji na daftari la wageni, akimaliza anaondoka.

Na kelele ipo sheria yake tayari. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009 zinasema usiku kwenye mtaa wa makazi sauti isizidi desibeli 35. Usiku kwa kanuni hizo unaanza saa mbili. Ukisimama kwenye ngazi za jengo letu Jumamosi, 35 utazisikia labda kwenye friji. Tunachokosa ni mtu wa kumpigia. Ndiyo maana narudia: kila mlango wa wageni uwe na jina na simu ya mtu aliye Mombasa, ibandikwe getini, na ikiwa hashiki simu usiku leseni iondoke.

---

Fungeni

Cheti cha ndoa sikukisema mimi. Lakini daftari la wageni nalikubali. Gesti zote za Mwembe Tayari unaandika jina na namba ya kitambulisho. Kwa nini hawa wa Nyali waachwe?

---

Mfagio

Habari zenu. Mimi ndiye yule binti wa usafi anayesemwa. Si wa mama aliyeandika juu, wa wengine.

Nafagia fleti za watu wanne tofauti, majengo tofauti. Nalipwa kwa kila nyumba, si kwa siku. Mgeni akitoka saa nne na mwengine akiingia saa nane, nina hayo masaa tu, kufua mashuka, kukausha, kutandika, kutoa taka. Maji yakikosekana nabeba mitungi ya lita ishirini kutoka chini, lifti ikiwa mbovu nabeba kwa ngazi. Mwenye nyumba yuko mbali, ananiangalia kwa kamera ya mlangoni na kuniuliza mbona nimechelewa.

Mnasema mtu wa kupigiwa simu usiku. Najua atakuwa nani. Ni mimi. Majina ya kubandikwa getini yatakuwa yetu sisi wafagiaji, kwa hiyo mlevi akizua fujo saa tisa za usiku, nitoke Kongowea kwa bodaboda nije nimtoe, kwa mshahara gani? Siku moja nilikuta damu kwenye mashuka, nikaogopa kusema, nikaogopa kunyamaza. Nilimwambia mwenye nyumba, akanijibu tumia dawa ya madoa.

Kama mnaandika sheria, andikeni kwamba huyo mtu wa simu asiwe kibarua.

---

Wakili wa Mtaa

Dada Mfagio, mchango wako una uzito kuliko wetu wote. Hili la kibarua linaweza kuandikwa: anayewajibika awe mwenye leseni mwenyewe, au wakala aliyesajiliwa kwa biashara hiyo, na saini yake iwepo. Na damu ile, siku nyengine usimwulize mtu. Piga picha, toka nje, nenda kituo cha polisi, uandikishe kwenye OB, daftari lao la matukio, na uchukue namba.

---

Nairobi Mpaka Bahari

Naomba kuingia kama mgeni, maana mimi ndiye ninayelala kwenye hizo nyumba zenu.

Nina watoto wanne na mama mkwe. Disemba hoteli ya ufuoni itaniambia nichukue vyumba vitatu, chakula juu, na sitarudi na nauli. BnB moja, jiko lipo, tunanunua samaki sokoni Kongowea, tunapika wenyewe. Hatupigi muziki. Tunalala saa tatu kwa sababu watoto wamechoka na jua. Sheria mnayoandika isitusahau. Tukikosa Nyali tutakwenda Diani.

---

Mvuvi wa Mtwapa

Au Mtwapa, ndugu yangu, karibu sana.

Na hapa ndipo nacheka. Mombasa ni kaunti ndogo. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi. Ukivuka feri Likoni, mwendo kidogo uko Kwale. Gavana wa Mombasa akikaza, visanduku vya funguo vitahamia kwetu kwa wiki moja. Sisi Mtwapa kelele tumeshazoea, au tuseme tumeshashindwa. Mnatupa takataka zenu upande wa pili wa mkono wa bahari halafu mnasema mji umetulia. Kaunti za pwani zina jumuiya yao, hili walizungumze kwa pamoja au waliache.

---

Mzee Majengo

Vijana, mnasema mwenye nyumba, mwenye nyumba. Huku kwetu Majengo na mitaa mingi ya kisiwani, mwenye nyumba si mwenye ardhi. Nyumba ya udongo na mawe ni yangu, nimerithi kwa baba, ardhi ni ya mtu mwengine na nalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Utaratibu huu wa nyumba bila ardhi ni wa zamani hapa Mombasa.

Sasa sikilizeni linalotokea. Mwenye ardhi, au warithi wake, wanamwuzia mjenzi. Mjenzi anatupa ilani. Nyumba za vyumba sita zenye wapangaji sita zinavunjwa, inasimama ghorofa ya fleti ndogo ndogo. Zamani angalau fleti zile walipanga walimu na makarani wa bandari. Zikijengwa kwa ajili ya wageni wa usiku, hata karani hapati. Hapo ile sheria ya kubadilisha matumizi haimgusi, maana jengo limezaliwa hivyo, hakuna kilichobadilishwa. Mwaulize mjenzi siku anapoleta ramani, si miaka mitano baadaye.

---

Wakili wa Mtaa

Mzee, hilo ni kubwa na hakuna aliyeligusa. Kibali cha ujenzi hutolewa kwa matumizi fulani. Kaunti inaweza kuweka sharti ndani ya kibali chenyewe kwamba jengo ni la makazi ya kudumu, na fleti za wageni zisizidi kiasi fulani. Likivunjwa, ilani ya utekelezaji inatolewa kwa kuvunja sharti, na hakuna ubishi tena wa masiku mangapi.

Kwa majengo yaliyokwisha kusimama na kuuzwa fleti moja moja, sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wamiliki shirika lao na uwezo wa kutunga kanuni za ndani. Wengi hawajaliunda hilo shirika. Wanagombana kwenye grupu la WhatsApp ambalo msimamizi wake ni keateka.

---

Ghorofa ya Tatu (mwenye uzi)

Kanuni za ndani ni nzuri, lakini mimi mpangaji sipigi kura humo. Wenye kura kwenye jengo letu ni hao hao wenye visanduku. Ndiyo maana siwezi kuwaachia wamiliki peke yao.

Kwa wanaouliza wenzetu duniani wamefanya nini: New York tangu Septemba 2023 wanatekeleza sheria kwamba ukipangisha kwa chini ya siku 30 lazima ujisajili, uwepo mwenyewe nyumbani, na wageni wasizidi wawili. Amsterdam mwaka 2019 waliweka kikomo cha masiku 30 tu kwa mwaka kwa nyumba nzima. Barcelona wametangaza kwamba ifikapo Novemba 2028 watakuwa wamefuta vibali vyote vya fleti za watalii, kama elfu kumi hivi. Ya Barcelona kwetu naona ni kali mno, Mombasa hatuna viwanda vya kutosha kumwambia mtu aache utalii. Ya New York ya mwenye nyumba kuwepo iko karibu na ninayoitaka, ila wageni wawili ingemfukuza Nairobi Mpaka Bahari na mama mkwe wake.

Masiku, nadhani tuombe 60 kwa mwaka kwa nyumba isiyo na mkaazi, bila kibali. Mwenye nyumba anayekuja kupumzika mwenyewe na kupangisha Disemba na Pasaka atatosheka. Ukizidi hapo, omba kibali. Mji wa Kale iwe alivyosema Binti Kuze. Ujenzi mpya iwe alivyosema Mzee. Mfagio asiwe jina la getini.

Naandika waraka wa kupeleka kwa mwakilishi wadi na kwa karani wa bunge la kaunti.

---

Mama Fleti Mbili

Sitini ni chache, mwanangu. Nikipata sitini nimepata miezi miwili, na mkopo wa sako unakatwa miezi kumi na miwili. Mimi nakaa dakika kumi kutoka fleti zangu, simu nashika hata saa tisa. Kwa nini nihesabiwe sawa na wa Dubai?

---

Ghorofa ya Tatu (mwenye uzi)

Mama, nimeliwaza hilo. Je, nikiandika kwamba mwenye milango isiyozidi miwili, anayeishi Mombasa na kusajiliwa, apewe 180, na kibali chake kishughulikiwe kwa muda uliotajwa, ukipita bila jibu kihesabiwe kimetoka? Hilo linamjibu yule wa faili halionekani.

---

Wakili wa Mtaa

La kibali kutoka chenyewe litapingwa na ofisi ya mipango, lakini liandike. Sheria ya 2019 yenyewe ina wazo hilo la maombi kujibiwa kwa muda maalumu.

---

Binti Kuze

Milango miwili iwe kwa familia, si kwa jina. La sivyo kila mtu atagawa fleti kwa watoto, wake na wakwe, na kila mmoja atakuwa maskini mwenye milango miwili.

---

Mama Fleti Mbili

Huyo binti anatujua, wallahi.

Mia na themanini nakubali. Ila mita ya maji ya kila mlango iwe sharti la kwanza kwenye huo waraka, na wenye majengo wapewe muda wa kuziweka. Mimi zangu nimeshaweka. Bei ya fundi ukitaka nitakutumia inboksi.

---

Mvuvi wa Mtwapa

Na nakala ipelekwe Kilifi.